Mzee wa Kanda Ajibu: "Mume wangu ana digrii mbili lakini acheka na visahani vya uzi"

Assalam aleikum wasomaji. Mwezi uliopita niliandika hapa nusu ukurasa tu, kwamba sinema niipendayo kuliko zote ina sokwe aliyevaa helmeti, mhariri akaniambia hakuna atakayejali. Haya, barua zenu hizo, nyingine za matusi, nimechagua saba. Kwa mgeni wa safu hii: mie nilikuwa na duka la kukodisha kanda za video Makadara, mpaka sidii zilipokuja zikatumaliza, sasa nauza kava za simu na kuwajibu nyinyi.

Mzee wa Kanda, shikamoo. Naishi Tudor, nimeolewa miaka 11. Mume wangu ni mhasibu, mtu na heshima zake, ana digrii mbili, lakini kila Alhamisi usiku watoto wakishalala ajifungia sebuleni na muvi za zamani za Kichina zile midomo yaenda huku maneno yaenda kule, na za Wazungu zile visahani vyapaa angani kwa uzi. Acheka peke yake mpaka akohoa. Tena arudisha nyuma auone ule uzi mara ya pili! Tivi ya inchi 55 tumenunua kwa mkopo, picha yenyewe yaja kiboksi tu katikati, haina hata rangi. Nikimuuliza raha iko wapi aniambia "huwezi kuelewa". Je, huyu ni mzima? — Mke wa Alhamisi, Tudor

Marahaba dadangu. Mumeo mzima kabisa, ana kosa moja tu na nitalifikia, ningoje.

Tuanze na midomo. Zile za watawa wenye vipara na mzee mwenye nyusi nyeupe, nyingi zao zatoka studio za Shaw Brothers, Hong Kong, na miaka hiyo walikuwa wakipiga picha bila sauti kabisa. Waigizaji wasema maneno yao, hata fundi akigonga nyundo pembeni hakuna wa kumnyamazisha, sauti zote zaja kutiwa baadaye. Manake picha itauzwa Taiwan, itauzwa Singapore, itauzwa Marekani, na kwetu pia itafika, sasa ushike lugha gani? Na zile za Kiingereza zilitiwa sauti na kikundi kidogo tu cha watu waliokuwa wakiishi hapo hapo Hong Kong, ndo mana ukitega sikio wasikia mwalimu wa Shaolin na jambazi na mwenye mkahawa wote ni koo moja. Mwambie mumeo afumbe macho dakika 10 ahesabu watu wako wangapi, mie sijapata kuvuka watano.

Uzi sasa. Hicho kisahani lazima ni Plan 9 from Outer Space ya Ed Wood, mtu mwenye tabia za mumeo hawezi kuikosa. Huyu Ed Wood alikuwa na vipande vichache tu vya picha alivyompiga Bela Lugosi, yule mzee aliyekuwa Dracula wa 1931, halafu Lugosi akafa Agosti 1956 picha yenyewe haijaanza. Mtu mwengine angeacha. Yeye alimchukua tabibu wa mifupa wa mkewe, akamvisha joho, akamwambia jifunike uso kwa mkono mwanzo mpaka mwisho, na yule tabibu ni mrefu kuliko marehemu wala hawafanani hata kwa mbali! Pesa zilitoka kwa watu wa kanisa la Kibaptisti wakasema sawa, lakini kwanza mbatizwe, na wakabatizwa. Vile visahani wengi husema ni vifuniko vya magurudumu ya gari, sivyo, ni vile vidude vya plastiki vya kuunganisha vya watoto, vya dukani. Na polisi watoka na gari mchana, wafika usiku, watoka tena ni mchana.

Na yule sokwe wangu niliyewaudhi naye ni wa Robot Monster ya 1953. Phil Tucker, mwenye kuitengeneza, alitaka roboti kutoka mwezini, kumtengeneza roboti ni ghali, lakini alimjua mtu mmoja mwenye vazi lake mwenyewe la sokwe, mtu ambaye kazi yake ni kuwa sokwe kwenye sinema za watu. Basi akamwita, akamtia helmeti yenye antena, roboti huyo tayari. Mashine yake ya kuongea na wakubwa zake huko juu yatoa mapovu ya sabuni, mapovu kweli yapepea, na mwanzoni pale pa majina ya walioshiriki mashine ya mapovu nayo imetajwa kwa heshima zote. Siku 4 wamemaliza.

Wauliza raha iko wapi. Mie naona hivi: picha ya mamilioni ya dola ikikuonyesha jitu labomoa mji wewe wakaa tu, ushafanyiwa kila kitu, ushatafuniwa. Lakini huyu bwana na sokwe wake wamwona vile afikiri. Wamwona asubuhi ile amesimama, pesa hana, ana sokwe ana helmeti, na kufika magharibi lazima kuwe na kiumbe wa mwezini. Ni kama kumwona mamako wageni wamebisha hodi saa sita mchana na jikoni mna nazi moja na mbatata nne, wajua kabisa hakuna kitu mle ndani na bado wataka kuona atatoka na nini. Ule uzi mumeo aurudishia nyuma kwa sababu hiyo, ameuona mkono wa mpishi.

Kosa lake ni kuziangalia peke yake. Hizi si picha za kuangalia peke yako hata siku moja!

Nikiwa mdogo Majengo kulikuwa na kibanda cha video, shilingi 2 kuingia, mabenchi ya mbao za kuokoteza, gunia ndo mlango, tivi imekaa juu ya kabati imefungwa mnyororo kama mbuzi wa Idi. Siku moja twaangalia ya karate, imefika pale stelingi ashapigwa, ashapewa sumu, mwalimu wake ashauawa, sasa ndo apanda ngazi kumfuata yule mzee wa nyusi nyeupe, stima yapotea. Zogo! Kila mtu ataka shilingi zake. Yule kijana wa mlangoni, ambaye wiki ile ashaiona mara tisa, akapanda juu ya benchi akawasha tochi chini ya kidevu akaendelea nayo. Akapiga mateke yote yeye. Akatia sauti za wote, mpaka ya mlango kuvunjika. Mzee alimuua mara tatu, manake kila akimuua sisi twapiga kelele "badooo!" basi yeye amfufua amuongezea. Nilitoka pale nimelowa jasho kama nimepigana mie. Miaka ikapita, kanda ile ile ikaja dukani kwangu, nikaitia deki hata wateja sijawahudumia nikaipeleka mbio mpaka mwisho: mzee apigwa ngumi moja, aanguka, maandishi mekundu, kwisha. Nilikasirika wallahi, niliona nimeibiwa.

Kwa hivyo Alhamisi ijayo usimuulize chochote. Kaanga mihogo, tia ndimu na pilipili, kaa ubavuni mwake, na kila jambazi akitokea mpe jina la wifi yako mmoja. Mumeo akikwambia nyamaza niandikie tena, hapo itakuwa kweli ni mgonjwa.

Mambo Mzee. Niko Mtopanga, nina miaka 19. Ile yako ya sokwe niliitafuta YouTube nikalala dakika ya 8. Kila kitu feki, damu feki, jitu feki, hata ule mlima feki. Kwa nini nichome bando langu? Nipe sababu ama nakuacha. — Mwana wa Mtopanga

Mlima si feki, ni Bronson Canyon kule Los Angeles, ndo kitu pekee cha kweli mle ndani. Lakini hujakosea, mie ndo nilikupa pilipili kabla ya wali. Nakupa tatu.

Ya kwanza Night of the Living Dead ya 1968. George Romero na wenziwe walikuwa watu wa kutengeneza matangazo ya biashara Pittsburgh, wakachangishana, jumla kama dola 114,000, na hizo kwa sinema ni hela za chai. Hapakuwa na rangi, kwa hivyo damu yenyewe ni sirapu ya chokoleti, manake kwenye nyeusi-na-nyeupe nyekundu ya kazi gani, chatakiwa kitu kizito cheusi kiteremke polepole. Kama huamini ingia jikoni mwaga chokoleti upande mmoja na rangi ya biriani upande mwengine, piga picha na simu uitoe rangi, uone ipi yatisha. Stelingi ni mtu mweusi, Duane Jones, Marekani ya 1968, na ndiye mwenye akili timamu mle nyumbani. Mwisho wake sikwambii. Na bando lako halipotei kwa wizi, picha hii ni ya bure kihalali: ilikuwa na jina jengine, wakalibadilisha wakati wa kuitoa, na ile alama ya hakimiliki ilikuwa imekaa hapo hapo penye jina la zamani, jina lilipotolewa nayo ikatoka, hakuna aliyekumbuka kuirudisha. Kwa sheria ya kwao wakati ule basi, ikawa mali ya kila mtu. Mie nikilala usiku huwaza yule aliyebadilisha yale maandishi.

Ya pili Godzilla ya 1954, ya Kijapani yenyewe, si ile Wamarekani walioitia Mzungu katikati. Ndani ya lile jitu yumo mtu, Haruo Nakajima, na vazi la kwanza lilikuwa kama kilo 100, yaani mifuko miwili ya simiti, halafu juu yako taa za studio zachoma. Kamera waliiendesha mbio ili picha ikionyeshwa kwa mwendo wa kawaida jitu litembee zito zito. Ule mlio nao si mnyama, ni Akira Ifukube, mtunzi wa muziki wake, aliyetumia glavu ya ngozi kusugulia nyuzi za ile fidla kubwa ya besi ya kusimamisha, ile waiona kwenye vikundi vya taarab. Hebu isikilize tena ukishajua. Kila nikiisikia naona ngozi yajikuna.

Ya tatu ni ya jirani zetu, Who Killed Captain Alex? ya 2010. Isaac Nabwana ameitengeneza Wakaliga, Kampala, kwa pesa zisemwazo hazifiki dola 200, kompyuta ameiunganisha mwenyewe kwa vipande vya mitumba. Damu yatiwa ndani ya kondomu yafungwa kifuani, risasi ikilia yapasuliwa. Helikopta yalipua Kampala na waona wazi kabisa imebandikwa. Juu ya yote hayo yuko VJ Emmie, VJ ndo msimulizi wa sinema huko kwao, apiga mdomo mwanzo mpaka mwisho, asifu, atania, akutangazia picha zijazo. Sasa sikia. Ile picha bila mdomo wa VJ haipo tena duniani, Nabwana ilimbidi afute kompyuta apate nafasi ya picha ya pili, iliyobaki ni hii yenye mdomo tu. Na yeye utotoni sinema alikuwa akihadithiwa na kaka zake waliokwenda kuangalia. Soma jibu langu la hapo juu la kibanda cha Majengo, utajua kwa nini huyu bwana nampenda.

Hizo tatu zikikushinda, niache.

Salam Mzee wa Kanda. Hapa barazani Kibokoni tumegombana. Game of Death, yule ni Bruce Lee ama si yeye? Mwenzetu mmoja aapa kwamba Bruce Lee alikuwa ashakufa. Dau ni kahawa na kashata za watu 7. — Baraza

Nyote mmepata na nyote mmekosa. Bruce Lee alipiga yale mapigano ya ndani ya mnara 1972, akayaacha akaenda kufanya Enter the Dragon, akafa tarehe 20 Julai 1973 ana miaka 32. Wenye picha wakakaa nayo mpaka 1978 wakaitoa kwa kutafuta watu wa kufanana naye, miwani myeusi, ndevu za bandia, mgongo kwa kamera, giza. Yale mapigano ya mnara aliyoyapiga mwenyewe, pale mwishoni na ile suti ya manjano, ni kama dakika 11 tu, na mmoja wa anaopigana nao ni Kareem Abdul-Jabbar yule wa basketiboli, futi 7 na inchi 2. Pale ni yeye. Huko kwengine karibu kote ni wale wa kufanana naye, na pahala pamoja wamebandika uso wake wa karatasi kwenye kioo ili mdhani amekaa mbele ya kioo! Utafuteni huo mkato, muusimamishe, mtacheka mpaka adhana. Lakini yale mazishi mnayoyaona ni mazishi yake ya kweli, wamechukua maiti ya mtu wakaitia kwenye hadithi ya uongo, na hapo mie huwa sicheki. Kuna ujanja wa kukosa pesa na kuna kukosa haya.

Dukani nilikuwa na rafu nzima ya Bruce Li na Bruce Le, hao ni watu wengine kabisa waliopewa majina baada ya yeye kufa, na wateja wakikodisha wakidhani ni makosa ya chapa. Sikuwa nikiwasahihisha, mie pia nina watoto.

Kahawa mgawane nusu kwa nusu na muuza kahawa alipwe leo leo.

Mwanangu, mie ni mtu mzima wa Likoni. Tulipokuwa wasichana tuliangalia Purana Mandir, ile ya Kihindi ya vitisho, kwa jirani mwenye deki, mwezi mzima siendi chooni usiku bila mtu. Juzi wajukuu wameniwekea kwenye simu wakacheka, na mie nikacheka sana, lile jitu kumbe ni mtu kajipaka matope. Usiku nikaogopa tena! Nimekuwa mtoto? — Bibi wa Likoni

Shikamoo bibi. Hujawa mtoto. Yule ni Saamri, na aliyemwigiza ni Anirudh Agarwal, mtu mrefu mwenye sura yake ya peke yake, hata bila matope ungempisha njia. Picha ni ya 1984 ya wale ndugu Ramsay, ndugu saba na baba yao, ambaye kabla India haijagawanywa alikuwa na duka la redio Karachi. Walikuja kwenye vitisho kwa bahati. 1970 walitoa picha moja ikaanguka vibaya, lakini wakaona watu waingia kwa ajili ya kipande kimoja tu, pale Prithviraj Kapoor avaa kinyago cha kutisha aenda kuiba. Wakasema kumbe! Basi tufanye kinyago mwanzo mpaka mwisho. 1972 wakatoa Do Gaz Zameen Ke Neeche, wamebeba kamera na waigizaji wamekwenda kulala nyumba ya wageni ya serikali kule Mahabaleshwar, kila kitu chapigwa hapo hapo, ndugu huyu ashika kamera, yule sauti, yule aandika.

Kwa nini waogopa ukiwa ushacheka? Nadhani ni kwa sababu pesa za jitu hawakuwa nazo, kwa hivyo jitu lenyewe laonekana kidogo tu, muda mwingi ni mlango walia, moshi waingia, mshumaa wazimika, radi, na mtu atembea na taa kwenye ukumbi mrefu. Jitu wajukuu wamelicheka, haya, lakini mlango wako wa nyuma nao walia vile vile. Tena simu ni kadude kadogo, hapo kwa jirani mlikuwa wangapi mkekani, mmebanana, na nani alianza kupiga kelele? Woga wenyewe mliambukizana. Utie mafuta huo mlango, bibi.

Mzee, mimi ni mwalimu Changamwe. Nakusoma lakini nina wasiwasi: si mwasifu uzembe? Mwanafunzi wangu akiniletea kazi mbovu nimwambie ni "raha"? — Mwalimu

Hapana mwalimu, hapo tuelewane. Mzembe simsifu. Mwanafunzi aliyelala akaandika mistari mitatu na yule aliyekesha akaandika kurasa 20 za upuuzi mtupu kwa herufi za kupambwa, wewe mwenyewe ukiwa peke yako ofisini wajua daftari gani utawaonyesha wenzako. Picha mbovu ya kuchosha ni mbovu tu na ziko nyingi mno, katika kanda 10 zilizoingia dukani kwangu 8 zilikuwa za kulaza watoto. Na siku hizi kuna hizi za kufanywa mbovu kwa makusudi, kama ile ya 2013 ya papa kubebwa na kimbunga, Sharknado, watu waniletea wakisema Mzee hii ni yako. Si yangu. Yule amekonyeza jicho toka dakika ya kwanza, ajua ni upuuzi, ataka umsifu kwa kujua. Ed Wood hakukonyeza, aliamini.

Mzee wa Kanda, hawa watu wa kutafsiri muvi kwa Kiswahili huwa waniudhi. Wapiga domo, watia mambo yasiyokuwemo, stelingi wamwita majina yao. Si ni kuharibu kazi ya watu? — Mpenda Kimya, Ganjoni

Huko Ganjoni kumetulia sana. Ndugu yangu, Japani siku za picha zisizo sauti kulikuwa na mtu asimama pembeni ya skrini asimulia, aitwa benshi, na watu walikuwa wakilipa kumfuata benshi fulani hata picha yenyewe hawaijui. Kaka yake Akira Kurosawa, yule mtengenezaji sinema mkubwa wa Japani, alikuwa mmoja wao, Heigo, mpaka sauti zilipoingia kwenye sinema wakakosa kazi. Sasa Uganda wana VJ, Tanzania walikuwa na Lufufu, na sisi Kenya tuna DJ Afro, na mie nimepanda matatu ya kwenda Mtwapa ambayo abiria wamefika stejini mwao wakakataa kushuka mpaka jambazi apigwe. Ati waharibu kazi ya watu. Ile kazi ilikuja hapa imeshatiwa maneno ya Kiingereza mdomoni mwa Mchina, nani alianza kuharibu?

Ukitaka kimya angalia na maandishi ya chini, hakuna atakayekuzuia. Lakini usije kibandani ukasema shhh.

Ami, salam. Tumehamisha nyumba ya wazee Bondeni, chini ya kitanda nimepata katoni ya kanda za VHS, kama 30. Moja imeandikwa "Harusi 1991", ni ya mamangu. Nimeazima deki nikaitia: mama apambwa, atolewa, afika mlangoni, mara pap! Mchina aruka ukuta. Kuanzia hapo ni karate saa nzima mpaka kanda yaisha. Mama alia, baba asema hajui lolote. Naweza kuipata harusi chini yake? Na kanda nyengine zina vitu vyeupe kama unga. — Binti wa Bondeni

Pole sana mwanangu, mpe mama pole zangu.

Kwanza huo unga. Usitie tena hata kanda moja kwenye deki! Huo ni ukungu, joto na unyevu wa pwani yetu, ukiitia moja yenye ukungu hedi, kile kichwa cha deki chenye kuisoma kanda, yapata uchafu yaupaka kwa zile nzima, na deki ya watu utairudisha imekufa. Zitenge. Zenye ukungu zitie kwenye mfuko mwengine mbali na hizo nzuri, zisimamishe wima kama vitabu, pahala pakavu, si juu ya friji wala karibu na dirisha la jua. Hizo nzima wapelekee watu wa kuhamisha kanda kwenda kwenye flashi, na kila mmoja muulize kama husafisha hedi kwa spiriti kati ya kanda na kanda, akikutolea macho, ondoka.

Harusi iliyofunikwa haitoki, sikudanganyi. Deki ikirekodi yafuta kwanza halafu yaandika, hapo chini ya Mchina hapana kitu. Lakini nakuomba usimkate huyo Mchina. Hamisha kanda nzima vile ilivyo, mama afika mlangoni, ukuta, karate, mpaka mwisho, manake mie nimeona kanda nyingi lakini bi harusi aliyeolewa Shaolin sijamwona.

Jambo jengine nakwambia kwa sababu wewe ni mkubwa sasa. Ichukue ile kanda uiangalie ubavuni, upande wa nyuma pale penye kibandiko, kwenye pembe kuna kidirisha kidogo cha mraba. Wapiga video wa harusi walikuwa wakikivunja kile kipande cha plastiki makusudi ili deki isikubali kurekodi juu yake. Ili irudi kukubali lazima mtu azibe kile kitobo na seloteipu. Kwa hivyo kama kitobo kiko wazi, sijui lilifanyikaje. Lakini ukiona seloteipu, mwanangu, muwekee baba kahawa, umngoje amalize kikombe, halafu umuonyeshe.